Kichwa cha shisha: umbo linabadilisha nini, na nini halibadilishi

Siku hizi kwenye terasi za Lubumbashi, kuanzia Bel-Air hadi Golf, ubishi wa shisha umepanda juu, umefika kwenye kichwa. Mmoja anataka kile cha zamani chenye matobo mengi, mwenzake hakubali ila cha tundu moja, wa tatu amekuja na cha silikoni ndani ya mfuko wake. Ukiuliza tofauti, kijana wa makala, yule anayeweka makaa juu ya shisha, atakujibu bila kusita: "Mukubwa, hii ya tundu moja iko muzuri, haina nikotini." Mara nyingi anaamini anachosema, maana naye ameambiwa hivyo na aliyemuuzia. Meza ya pili utasikia kwamba kichwa kipana ndicho kibaya kwa sababu moshi wake ni mzito, na ya tatu wanaapa kwamba silikoni inachuja sumu.

Ndani ya maneno hayo kweli na uongo vimechanganyika vibaya. Umbo la kichwa linabadilisha mambo mengi kweli: ladha, unene wa moshi, muda shisha inaodumu, hata nguvu ya pumzi unayohitaji. Lakini sifa inayotangazwa zaidi, kwamba kichwa fulani kinakuondolea madhara, haimo katika kichwa chochote.

Tupeane majina kwanza. Kichwa ni kile kikombe cha juu kabisa kinachobeba tumbako. Waliozoea Kifaransa wanakiita foyer. Chini yake kuna bomba linaloshuka hadi kwenye chupa, na ncha ya bomba inazama majini sentimita mbili au tatu hivi. Juu ya kikombe inafungwa karatasi ya alumini iliyotobolewa, au inakaa sahani ya chuma yenye mfuniko, na hapo juu ndipo makala yanawekwa. Mpira wa kuvutia unaanzia kwenye chupa, mahali palipo juu ya maji. Unapovuta, hewa iliyo juu ya maji inapungua, na hewa ya nje inaingia kuziba pengo. Njia iliyo wazi ni moja tu: ipite kando ya makala, ishike moto, ishuke kwenye matobo ya alumini, ipenye tumbako, iteremke kwenye bomba, ibubujike majini, ndipo ikufikie mdomoni. Kila tutakachosema kuhusu umbo kinatokana na safari hiyo, hasa ile sehemu fupi ya ndani ya kikombe.

Tumbako ya shisha nayo si majani makavu kama ya sigara. Ni majani yaliyolowekwa katika molasi au asali, yakatiwa gliserini na manukato ya tofaha, zabibu, nanaa na mengineyo. Wingu jeupe ambalo vijana wanashindana kulitoa ni gliserini kwa sehemu kubwa: inageuka mvuke kwenye kichwa, inapoa ikishuka, inakuwa matone madogo mno yanayoonekana kama moshi mweupe. Gliserini inachemka kwenye nyuzi 290, lakini ikichanganyika na maji na kupitiwa na hewa ya moto inaanza kutoa mvuke mapema zaidi. Moto ukizidi, mambo mawili yanaharibika pamoja. Sukari inaungua na kuacha uchungu, na gliserini yenyewe inavunjika na kutoa akrolini, kemikali ile ile inayochoma macho mafuta yanapoungua kwenye kikaango. Ule mkwaruzo wa koo unaowafanya watu waseme "shisha imeungua" una akrolini ndani yake.

Kwa hiyo kichwa kina kazi ngumu: kuupika mchanganyiko huo kwa muda mrefu bila kuuchoma, huku kikiacha hewa ipite.

Tuchukue kichwa cha zamani, kile wengi wanachokiita cha Kimisri. Ni kikombe cha udongo wa kuchomwa, chenye shimo la kina na matobo kadhaa chini, mara nyingi matano. Hewa ya moto inashuka wima kupitia tumbako na kutokea kwenye matobo hayo. Faida yake ni kwamba hewa inagusa tumbako yote kuanzia juu hadi chini. Tatizo ni kwamba njia ya hewa ndiyo hiyo hiyo njia ya asali. Tumbako ikipata joto, molasi na gliserini zinalainika na kuteremka, na kwa kuwa matobo yako chini, zinadondokea kwenye bomba na kuingia majini. Baada ya nusu saa maji yana rangi, bomba linanata, na kile ulichokilipia, yaani ladha na moshi, kimelala chini ya chupa. Tumbako inayobaki imekauka na inaanza kuungua.

Umbo hilo halikutengenezwa kwa ujinga. Mabomba ya maji yalikuwa yakivutwa India na Uajemi karne nyingi zilizopita, na tumbako ya enzi hizo kwa kawaida haikuwa tamu wala haikudondosha kama ya leo. Tumbako yenye asali na ladha za matunda imeenea duniani kutoka Misri na nchi za Kiarabu hasa kuanzia miaka ya 1990. Chakula kilibadilika, chungu kikabaki kile kile, na ndipo watengenezaji wakaanza kutafuta umbo linalozuia asali isikimbie.

Jibu lililoshinda ni kichwa cha tundu moja. Kishike mkononi ukitazame kutoka juu: katikati pana kimnara kifupi kilichotobolewa, na kukizunguka kuna mfereji wa duara. Tumbako inakaa kwenye mfereji, na mfereji huo hauna tobo lolote chini. Asali ikiyeyuka inabaki pale pale, tumbako inaendelea kuiva ndani ya maji yake yenyewe, ladha inadumu na chupa inabaki safi. Hewa nayo inapewa safari mpya. Inashuka kwenye matobo ya alumini, inapita juu ya tumbako na katikati yake, kisha inapanda ukingo wa kimnara na kuteremka kwenye tundu. Ndiyo maana tumbako yenye majimaji mengi inapendeza zaidi humu, na ile kavu kidogo haionyeshi tofauti kubwa.

Hapa ndipo palipozaliwa uongo wa nikotini. Mtu anaona maji hayakuchafuka, anakata shauri kwamba moshi ni safi. Lakini kilichokuwa kinachafua maji ni asali iliyodondoka, na nikotini ilikuwa inasafiri na moshi tangu mwanzo. Nikotini imo ndani ya jani. Joto linaitoa, hewa inaibeba, iwe tundu ni moja au ni matano. Tena ukifikiri vizuri, kichwa kisichopoteza asali kinaifanya tumbako hiyo hiyo itoe moshi kwa muda mrefu zaidi.

Tundu moja lina ugomvi wake pia. Likizibwa, umekwama. Karatasi ya alumini ikilegea kwa joto na kulala juu ya kimnara, mvuto unakuwa mgumu ghafla, na wengi wanakimbilia kulaumu mpira. Jani moja likidondokea tunduni, matokeo ni yale yale. Kuna vichwa ambavyo kimnara chake kimefunikwa juu na matobo yamewekwa ubavuni. Hivyo alumini inaweza kulegea na hewa ikapata pa kupita. Dosari yake ni kwamba matobo ya ubavuni ni madogo, na asali ikipanda inayaziba moja baada ya jingine.

Wengi wanadhani matobo mengi maana yake ni moshi mwingi. Moshi unatengenezwa na joto na gliserini. Matobo yanaamua tu urahisi wa hewa kupita. Hewa ikipita kirahisi mno, inafika haijakaa na tumbako vya kutosha, na moshi unakuwa mwepesi. Ikibanwa mno, unavuta mpaka mashavu yanauma. Na sehemu ya uzito wa kuvuta haimo kwenye kichwa hata kidogo, imo kwenye kina cha bomba ndani ya maji. Kabla hujanunua kichwa kipya kwa sababu shisha ni nzito, punguza maji kidogo ujaribu.

Kina na upana

Watu wanabishana sana juu ya matobo na kusahau jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi: kikombe ni kirefu au ni kipana?

Kwenye shisha moto unatoka juu. Anayeoka keki kwenye sufuria na kupalia makala juu ya mfuniko anaijua hesabu hii yote: unga mwembamba kwenye sufuria pana unaiva haraka na sawasawa, unga mwingi kwenye sufuria nyembamba, juu unakuwa mweusi na katikati bado ni uji. Kichwa kipana chenye mfereji usio na kina kinaitandaza tumbako, joto linaifikia yote, moshi unakuja mapema na mzito, lakini shughuli inaisha upesi. Kichwa chembamba na kirefu kinachelewa kuanza, kinadumu, na kinataka mkono unaojua kusogeza makala.

Fungua alumini shisha ikiisha, utasoma kila kitu. Kwenye kikombe kirefu kilichoshindiliwa utakuta gamba jeusi la juu, gumu, linalotoka kwa vipande ukiligusa na koleo. Chini yake kuna tumbako yenye unyevu, na rangi yake nyekundu ya dukani haijabadilika. Hiyo ya chini haikupikwa kabisa. Umeilipia na utaimwaga. Kwenye mfereji mpana uliojazwa kwa kulegeza, majani yote yana rangi moja ya kahawia iliyokolea, na pembeni kuna mstari mwembamba wa asali iliyoganda. Anayetaka kujua kama kichwa chake kinafanya kazi asitazame wingu, atazame mabaki ya tumbako baada ya kazi: imeiva yote, au nusu?

Na mara nyingi tatizo tunalolitupia umbo ni tatizo la kujaza. Majani yakishindiliwa, hewa haipiti, na kichwa cha bei kubwa kinageuka kibaya kuliko cha bei ndogo. Yakigusa alumini, yanaungua dakika za kwanza; nafasi ya milimita mbili au tatu kati ya tumbako na karatasi inatosha kuyaokoa. Kwenye kichwa cha tundu moja, matobo ya alumini yawe juu ya mfereji, yazunguke, na pale juu ya kimnara paachwe bila tobo. Ukitoboa katikati, hewa ya moto itashuka moja kwa moja tunduni bila kugusa tumbako, utavuta hewa ya makala tupu na ladha itakosekana. Kosa hili nimeliona mara nyingi kwa watu walionunua kichwa kipya na kuendelea kutoboa karatasi kwa mtindo wa kile cha zamani.

Kuhusu kilichotengenezea kichwa, maneno machache yanatosha. Udongo mnene unachelewa kupata moto lakini unautunza. Udongo usiong'arishwa unanyonya asali na harufu, kwa hiyo kichwa kilichozoea nanaa kitaendelea kunukia nanaa hata ukiweka zabibu. Uliong'arishwa unaoshwa na kusahau. Silikoni haivunjiki ikianguka kwenye sakafu ya terasi, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kupendwa. Haichuji chochote. Moshi haupenyi silikoni; unapita tunduni kama kwenye vichwa vingine.

Lile ambalo umbo haliligusi

Sasa tufike kwenye makala, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wanapodanganyika kwa hatari.

Makala yanapowaka yanatoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Lubumbashi tunaijua vizuri bila kuitaja jina: ndiyo inayoua watu waliolala na mbabula, lile jiko la makala, ndani ya chumba kilichofungwa. Ikiingia kwenye mapafu inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu iliyokamatwa namna hiyo haibebi tena hewa ya kutosha kwenda kwenye ubongo na moyo. Mama mjamzito akiivuta, mtoto tumboni anaipata pia.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut walilinganisha shisha iliyopashwa kwa makala na ile iliyopashwa kwa umeme. Karibu asilimia 90 ya kaboni monoksidi ilionekana kutoka kwenye makala, si kwenye tumbako. Turudi kwenye ile safari ya hewa: kabla haijafika kwenye kikombe, imeshapita kando ya makala na kuichukua gesi. Kichwa kiko chini ya makala. Kimnara, mfereji, matobo ya ubavuni, vyote vinakutana na hewa ambayo tayari imebeba gesi, na hakuna umbo la udongo linaloweza kuitenga. Maji nayo hayaizuii, kwa kuwa gesi hiyo haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana. Inabubujika na kutoka upande wa pili. Ukiweka barafu, maziwa au juisi kwenye chupa, umebadilisha ubaridi na harufu tu. Hata ile shisha ya mimea isiyo na tumbako inapashwa kwa makala yale yale, kwa hiyo gesi ipo.

Kuna hesabu nyingine inayozunguka mjini ikiwa imepotoshwa: "shisha moja ni sigara mia mbili." Shirika la Afya Duniani, OMS, lilieleza mwaka 2005 kwamba katika kikao cha saa moja mtu anaweza kuvuta ujazo wa moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Ujazo. Hiyo haimaanishi kila sumu imezidishwa kwa 200. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walikusanya tafiti nyingi na kulinganisha kikao kimoja cha shisha na sigara moja: moshi mara 125, lami mara 25, kaboni monoksidi mara 10, nikotini mara 2.5. Anayesema shisha haina nikotini amekosea, na anayesema ni sigara 200 kwa kila kitu naye ametia chumvi. Mimi hizo namba zinanitosha bila chumvi.

Umbo linaingiaje basi katika hesabu hiyo? Linaingia kwa mlango ambao muuzaji hautaji. Kichwa kipana kinabeba makala matatu au manne mahali ambapo kidogo kingebeba mawili, na makala zaidi ni gesi zaidi. Kichwa kinachobeba gramu 25 kinakuweka mezani muda mrefu kuliko cha gramu 10. Na kichwa kilichotengenezwa vizuri, kisichounguza, kinatoa moshi laini na wa baridi ambao mtu anauvuta kwa pumzi ndefu na kuushusha hadi chini kabisa. Ule moshi mkali wa kichwa kibovu ulikuwa unamkohoza na kumpunguza mwendo. Ulaini unapima joto na akrolini. Haupimi kaboni monoksidi, ambayo koo haliwezi kuihisi. Hili ndilo ninalotamani kila kijana wa makala alijue kabla ya kumwambia mteja neno "afya".

Nchi za Afrika Mashariki zimechukua hatua za kisheria: Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, Kenya na Rwanda Desemba 2017. Hakuna kati yao iliyotofautisha kichwa cha tundu moja na cha matano.

Kwetu, wakati wa kuangalia zaidi ni Juni na Julai. Usiku wa Lubumbashi miezi hiyo unashuka chini ya nyuzi 10, upepo kwenye terasi unayala makala upande mmoja na kuharibu shisha, basi watu wanaingia ndani na kufunga madirisha. Meza tano, kila moja na makala yake, pengine na jiko la kuwashia makala likiwa pale pale kwenye kona. Asiyevuta anapata gesi pamoja na anayevuta, na mhudumu anayekesha humo anapata kuliko wote. Mtu akianza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu, kutaka kutapika, wenzake wanacheka kwamba tumbako imemzidi au bia imempanda. Inaweza kuwa gesi, hasa kama wawili au watatu wanalalamika pamoja.

Ikitokea, makala yatolewe nje na mtu atolewe nje, kwenye hewa, mara moja. Kumpa maziwa au sukari hakuiondoi gesi kwenye damu. Akiwa amezimia, amechanganyikiwa, au ni mjamzito, apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu, na daktari aambiwe waziwazi kwamba palikuwa na makala, kwa sababu kipimo cha kidole cha oksijeni kinaweza kusoma vizuri wakati damu imejaa gesi. Kwa hewa ya kawaida inachukua saa nne hadi sita hivi gesi hiyo kupungua nusu mwilini. Kwa oksijeni ya hospitali, inayotolewa kwa barakoa, ni saa moja hadi moja na nusu.